Fundi, Usinizimie Masasisho

Mafundi wa kompyuta wa mji huu wa Mombasa nawaheshimu. Wapo Mwembe Tayari, wapo kando ya Barabara ya Digo kwenye vibanda visivyotosha watu wawili, na laptopu uliyokwisha kuikatia tamaa wao huifufua. Lakini kuna tabia moja yao siiungi mkono hata kidogo. Mteja akipeleka kompyuta ambayo Windows imegoma kujisasisha, dawa zao ni mbili tu: kuzima masasisho (yale marekebisho ambayo Microsoft, wenye Windows, huyatuma) moja kwa moja, au kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mteja hulipa akaenda zake Likoni au Kisauni na raha zake, maana ule ujumbe wa makosa hauonekani tena. Ni sawa na fundi wa gari kuchomoa taa ya oili kwenye dashibodi halafu akakwambia injini imepona.

Watu husema, "Kwani mimi nina nini cha kuibiwa?" Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Hakikuchagua tajiri wala maskini. Kilipita katika ufa mmoja wa Windows, na ufa huo Microsoft walikuwa wameshauziba tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili nyuma. Walioumia wengi ni wale ambao kiraka kile hakikuwafikia. Picha za harusi na za marehemu babu ndizo anazokuwa nazo mtu wa kawaida, na hizo huzinunui tena Biashara Street.

Sasa, kwa nini masasisho hugoma? Katika kompyuta za nyumbani ninazoitwa kuziangalia, sababu ni za kawaida mno. Mama mmoja jirani aliniambia, "Mwanangu, hii mashine imeingia jini." Nikafungua, nikakuta diski imebaki na nafasi ya kuhifadhi nyimbo chache tu. Si jini, mama, ni video za taarabu.

Nafasi ndiyo chanzo kikuu, na msimbo wake wa kosa ukiuona ni 0x80070070: diski imejaa. Vile vilaptopu vya bei nafuu vyenye hifadhi ya gigabaiti 32 huteseka zaidi, kwa sababu Windows yenyewe hula sehemu kubwa na hifadhi imeunganishwa kwenye bodi, haibadilishwi. Fungua Mipangilio, nenda kwenye mfumo, kisha hifadhi, ufute mafaili ya muda na mabaki ya masasisho ya zamani. Hamisha video kwenye flashi. Usiingie mwenyewe ndani ya folda ya Windows ukaanza kufuta unachokiona kikubwa, hasa ile ya WinSxS. Hapo ndipo watu hugeuza kidonda kuwa donda ndugu. Likija toleo kubwa jipya na nafasi bado haitoshi, Windows yenyewe hukubali kuazima flashi au diski ya nje kwa muda wa kazi hiyo.

La pili ni saa. Kompyuta nyingi za mezani tulizonazo ni zile za "ex-UK", zilizokwisha kufanya kazi katika ofisi za Ulaya. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayotunza saa umeme unapokatwa. Betri ikifa, kila ukichomoa waya kompyuta hurudi miaka ya nyuma. Mtu haoni tatizo, kwani saa si anayo kwenye simu? Lakini vyeti vya usalama vya seva, yaani kompyuta za Microsoft zinazogawa masasisho, vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka ambao vyeti hivyo havijatolewa hukataa kuongea na seva, nawe unaona 0x80072F8F na kulaani mtandao. Badilisha betri, rekebisha tarehe, jaribu tena. Nimeona mtu ameambiwa afomati kwa sababu ya betri hiyo.

Kuhusu bando, hapa nina uchungu wangu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, na bado nyumba nyingi zinaishi kwa hotispoti ya simu. Masasisho hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwetu huwa saa mbili au saa tatu za usiku, wakati nyumba nzima iko mtandaoni. Sasisho la mwezi huweza kupita gigabaiti moja. Simlaumu anayekasirika bando lake likiyeyuka kabla hajamaliza kutazama mpira. Ila Windows ina njia za kuishi na hali hiyo: uiambie kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nayo itaacha kupakua mengi bila idhini, au usimamishe masasisho kwa wiki tano hivi, kisha upeleke laptopu kwa ndugu mwenye waifai. Masasisho haya hubeba na yale ya miezi iliyopita, kwa hiyo aliyekosa miezi mingi kwa kawaida halazimiki kuyapakua moja moja. Na kama nyumbani mna kompyuta mbili, washa ule mpangilio unaoziruhusu kugawiana zilichopakua ndani ya mtandao wenu.

Umeme nao tunaujua. Ukikatika katikati ya kusasisha, mara nyingi Windows itajirudisha ilipokuwa, ingawa itachukua muda na skrini itakutia hofu. Iache imalize. Laptopu yenye betri iliyokufa ihesabu kuwa kompyuta ya mezani, usiisasishe siku ya mawingu mazito. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kuzima na kuwasha upya si kitu kimoja. Tangu Windows 8, ukizima kwa kawaida mashine huweka akiba ya sehemu ya mfumo ili iwake haraka. Chagua Restart. Kuna masasisho "yaliyokwama" ambayo yalikuwa yanangoja hilo tu.

Yote hayo yakishindikana, ndipo tunafika kwenye ufundi wenyewe, nao si mgumu. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi. Andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, ili huduma za masasisho zitulie. Ibadilishe jina folda ya C:\Windows\SoftwareDistribution, iite ya zamani. Windows itaunda nyingine safi na kupakua upya kilichoharibika. Washa huduma zile tena kwa net start. Halafu endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. Hizi hukagua mafaili ya mfumo na kurudisha mazima. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka unaweza kwenda kuswali na kurudi asilimia haijasogea, ndivyo ilivyo. Picha zako haziguswi.

Microsoft nao sitawatetea. Windows 11 ilipokuja 2021 ilidai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na vichakataji vya karibuni, na kompyuta nyingi nzima zikaachwa mlangoni. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani waliongeza mpango wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026: unaweza kuupata bila malipo ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao, au ulipe dola 30. Unahitaji toleo la Windows 10 liitwalo 22H2. Baada ya hapo, kwa mashine isiyokubali Windows 11, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, kuliko kumwacha mtoto afanyie kazi za shule kwenye mfumo usiozibwa nyufa.

Kama unashuku fundi wako alishakuzimia, andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, utafute Windows Update katika orodha. Ikiwa imeandikwa Disabled, ifungue, uibadilishe iwe Manual, uwashe kompyuta upya na utafute masasisho ukiwa kwenye waifai na umeme uko. Ikijirudisha Disabled yenyewe baada ya muda, basi huenda kuna programu aliyoiacha humo inayoizima, na hapo sasa nakubali: hifadhi mafaili yako pembeni, ufomati.