Anayemuuguza mzazi naye aruhusiwe kuchoka

Mitaani kwetu Lamu, binti anayemuuguza mamake akisema amechoka, jibu huwa tayari: "Nyamaza, utakosa radhi." Wanaosema hivyo si watu wabaya, na wana hoja. Mzee husikia. Hata aliyepooza kwa kiharusi na kushindwa kutamka huujua mkono unaomvua nguo kwa hasira. Tena kuwazungumzia wazee kama mzigo kuna hatari yake. Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, hata Malindi pakawekwa kituo cha kuwahifadhi walionusurika. Hofu hiyo si ya kubeza.

Lakini tumtazame huyo anayenyamazishwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asije akapata vidonda vya mgongo. Ukimgeuza saa nne za usiku, utaamka tena saa sita, saa nane, saa kumi, na muda si muda inaadhiniwa alfajiri. Hapo hujabadilisha nepi wala kufua shuka. Akiwa na ugonjwa wa kusahau, bi mkubwa huamka usiku wa manane akitaka afunguliwe mlango aende kwao, kwa mama aliyezikwa zamani, na binti anayemzuia huitwa mwizi. Kesho ni yayo hayo. Siku ya kwenda hospitali, nyumba zetu za mawe zina ngazi za mwinuko, na kule chini kwenye vichochoro gari halipiti. Hospitalini wauguzi hupokezana zamu. Binti huyu, ambaye mara nyingi ndiye aliyeachika au hajaolewa, hana wa kumpokea.

Kaka zake wako Mombasa au Uarabuni, wanatuma pesa kwa M-Pesa. Pesa hizo zinahitajika sana, ila hazimpi dada usingizi. Serikali nayo, kupitia Inua Jamii, humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, ilhali kifungu cha 57 cha Katiba kinampa haki ya kutunzwa na familia pamoja na serikali.

Wanaomnyamazisha hushika aya ya 23 ya Surat Al-Israa, inayotukataza kuwaambia wazazi hata "ah!" Nami naishika. Ila katazo hilo linahusu maneno ya mtoto kwa mzazi wake, halimzuii dada kumpigia kakake simu na kumwambia, "Njoo, mimi nimeshindwa." Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba wema huo ni wa binti aliyebaki nyumbani peke yake. Tena aya hiyo hiyo inakataza kuwakemea, na kwa niliyoyaona, kemeo hutoka kinywani mwa aliyekesha usiku wa tatu mfululizo, ambaye hakupata mtu wa kumsikiliza. Baadaye hulia kwa majuto, akijiona mtoto mbaya. Kumnyamazisha hakumlindi mama.

Kwa hiyo simu ya dada isipokewe kwa mawaidha. Watoto wakae waandike zamu, na wa mbali aseme ni mwezi gani atachukua likizo. Mabinamu na wajukuu wakubwa wafundishwe kumgeuza mgonjwa. Na kaka akija kwa Idi, asije mgeni wa kupikiwa: usiku alale yeye chumbani kwa mama, dada apelekwe nyumba ya jirani akalale.