Wamelala, Hawajastarehe

Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp kaweka ule mchoro wa Vincent van Gogh, mwanamume na mwanamke wamelala kivulini mwa lundo la ngano, akaandika chini yake: "Maisha ya kijijini, hakuna stresi." Vikopa vikamiminika. Mmoja akaapa kwamba akistaafu atarudi shamba akalale hivyohivyo. Huyohuyo aliyetutoroka msibani kwa sababu kijijini hakukuwa na mtandao.

Jamani, mmeutazama lakini? Mwanamume kavua viatu, kofia imemfunika uso. Mwanamke kajikunja ubavuni mwake, kichwa kakilaza juu ya mikono. Miundu miwili iko chini, imewekwa pamoja, inasubiri. Nyuma kuna mkokoteni na ng'ombe. Ni adhuhuri ya siku ya mavuno: watu wameinama tangu asubuhi wakikata ngano kwa mkono, na jua likipunguza makali watainama tena. Usingizi ule ni sehemu ya kazi! Aliyewahi kuvuna mpunga anaujua. Hutandiki, huchagui pa kulala, mwili unadondoka wenyewe. Mama yangu mdogo alikuwa akilala vile kando ya jaruba, na ole wako umguse kabla hajaamka. Hakuna aliyempigia makofi kwa kukosa stresi.

Tena mchoraji mwenyewe hakuwa na wavunaji mbele yake. Ilikuwa msimu wa baridi, Desemba 1889 kuingia Januari 1890, naye yuko hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, akifuatisha picha isiyo na rangi iliyotokana na mchoro wa Jean-François Millet. Ile bluu na ile njano ni zake. Millet ndiye mtoto wa wakulima wa Normandy, aliyefanya kazi za shamba kabla ya kushika brashi, ila jina lake hamlitaji.

Haya, nakubali kwa shingo upande: Van Gogh naye ana lawama. Uchovu kaupaka rangi tamu mno. Mwaka 1885, kule Nuenen, Uholanzi, alichora familia ya wakulima wakila viazi usiku chini ya taa moja, vidole vimekakamaa, nyuso rangi ya udongo. Hicho nacho ni kijiji. Mbona sijakiona kwenye status ya mtu?