Niliombwa jazz nikaweka jazz, kosa langu liko wapi?

Jameni nisaidieni kuhukumu hii kesi kabla sijafunga kibanda. Mtu akija kwako akakwambia fundi niwekee jazz kwenye flashi, wewe utaweka nini? Si utaweka jazz? Ama kuna nchi mtu anaomba sukari anapewa sabuni?

Mimi ni fundi simu hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu kabisa na foleni ya malori. Simu ndiyo imeandikwa kwenye kibao lakini kinachonilisha ni kuwekea madereva nyimbo, 20 kwa shilingi 1,000, maana siku hizi kioo kikipasuka mtu anatembea na simu hivyo hivyo mpaka imkate kidole, ila lori bila muziki hakuna dereva atakayelitoa hapa kwenda Juba. Kwenye kompyuta nina mafolda, ya Bongo, ya gospo, ya Lingala, ya kadongo kamu, ya rege. Halafu chini kabisa kuna moja nimeiandika USIGUSE. Hiyo ndiyo jazz yangu. Miaka sita hakuna aliyegusa wala aliyeuliza, mpaka nashindwa kujua nilikuwa namkataza nani.

Sasa wiki jana jioni akaja dereva mmoja, mtu mzima, Mtanzania kwa lafudhi, anapeleka mzigo Kampala. Akanipa flashi ya GB 8 akasema kijana, futa zote hizi nimezichoka, nijazie jazz. Nikamwambia rudia mzee. Akasema jazz, jazz ya zamani, watu wanapiga vyombo vyenyewe siyo hizi za kompyuta. Banange, nusura nitoke dirishani nimkumbatie. Nikamuuliza na saksafoni je, unapenda? Akasema sana! Nyinyi mmesikia wenyewe, amesema sana. Hata hela yake nikakataa, na hapo ndo nilipoanza kukosea, maana mteja aliyelipa akichukia unamrudishia elfu yake mnaachana, ila uliyempa bure huna cha kumrudishia.

Wateja wengine nikawaambia ngojeni. Nikaanza na Kind of Blue ya Miles Davis, 1959, maana hiyo ndiyo chapati, kila mtu anaanzia kwenye chapati. Na hiyo rekodi naipenda kifundi pia, siku ya kwanza ya kurekodi pale New York mashine ya tepu ilikuwa inaenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ukiipigia kwenye mashine nzima zile nyimbo tatu za upande wa kwanza zinatoka mbio kidogo na sauti nyembamba kidogo, na dunia nzima ikasikiliza hivyo zaidi ya miaka 30, mpaka 1992 ndo ikatoka iliyorekebishwa. Miaka 30! Mimi nikimrudishia mtu simu spika inakwaruza kidogo tu, polisi jioni hiyo hiyo.

Nikaweka The Sidewinder ya Lee Morgan, ilirekodiwa 1963, sidewinder ni aina ya nyoka, na hiyo hata mtu aliyeumwa na nyoka kweli anatikisa mguu. Lee Morgan ndiye mwanajazz pekee ambaye mama watoto amewahi kuniulizia swali. Nilimsimulia kwamba jamaa alipigwa risasi na mwanamke wake klabuni New York 1972, katikati ya usiku wa shoo yake, mama watoto akaacha kuchambua mchele akauliza, alikuwa amemfanya nini? Nikajibu nilivyojibu. Tangu hapo akiona nimechelewa kwenye malwa, pombe yetu ya ulezi, ananiuliza leo mlikuwa mnasikiliza yule wa risasi?

Hapo kwa Lee Morgan ningeishia tusingekuwa na kesi. Ila mimi nikianza kugawa siwezi kujizuia, nikaona flashi bado ina nafasi, nikasema mzee si amesema saksafoni sana, basi apewe saksafoni. Nikaweka Ascension ya John Coltrane. Kwa wasioijua: 1965 Coltrane aliingiza studio watu 11, saksafoni tano, tarumbeta mbili, besi mbili, piano, na Elvin Jones kwenye ngoma, wakapiga kama dakika 40 bila kushuka. Watu 11, timu kamili ya mpira, ila refa hakuna na kila mtu ana mpira wake. Ni kitu kikubwa sana, mimi ilinichukua miaka miwili kukipenda. Huyu mzee nilimpa ghafla, usiku, akiwa anaendesha.

Halafu nafasi iliyobaki nikachomeka Ella Fitzgerald, ile shoo ya Berlin. Nikampa flashi yake, nikamwambia mzee nenda ukafurahi. Akaniombea na baraka.

Najua mtasema mbona ulichangamka hivyo kama umepata mtoto. Ni upweke jameni. Malaba nzima, na makelele yote haya ya mahoni, wapenda jazz tuko watatu. Kuna Mwalimu, amestaafu, na kuna ajenti mmoja wa mizigo, na mimi. Kila Jumamosi tunakutana kwenye malwa, kila mtu analeta rekodi moja, spika naleta mimi, tunazunguka chungu kila mtu na mrija wake. Utaratibu mzuri kabisa, shida ni kwamba hatupendi kitu kimoja.

Ajenti yeye kila wiki ni Hugh Masekela. Kila wiki! Mimi sina neno na Masekela, Grazing in the Grass ilikuwa namba moja Marekani 1968, tarumbeta la mtu wa Afrika Kusini juu ya Wamarekani wote, tunajua, tumeshaambiwa. Ukimwambia basi wiki ijayo lete mwingine, analeta Masekela ya mwaka mwingine. Siku moja nikambana, nikamwambia hata Afrika Kusini siyo mtu mmoja, lete Abdullah Ibrahim, lete Mannenberg ya 1974, akasema hiyo ni nzuri ila haina tarumbeta la Masekela. Sasa mtu kama huyo utamjibu nini?

Mwalimu naye ni wa Keith Jarrett, mpiga piano, ile shoo ya Köln, Ujerumani, Januari 1975. Na haleti rekodi peke yake, anakuja na hotuba. Kwamba jamaa alifika mgongo unamuuma, hajalala, akaletewa piano siyo aliyoomba, ndogo, mbovu, noti za juu zinalia kama sufuria na pedali hazishiki vizuri, akataka kuondoka, msichana aliyeandaa shoo akambembeleza, akakaa usiku karibu saa sita akapiga zaidi ya saa nzima vitu anavyovitunga palepale, na ndiyo ikawa piano ya mtu mmoja iliyouzwa kuliko zote. Hadithi nzuri, nakubali, mimi kama fundi hadithi ya kifaa kibovu kilichofanya kazi inanigusa moyoni. Lakini Jarrett akipiga anaguna. Anaguna kwelikweli, mmm, aah. Na spika yangu imesafishwa vizuri, haifichi kitu. Mama wa malwa alikuja na birika lake la maji moto kuongeza kwenye chungu, akasimama akasikiliza, akauliza kwa huruma kabisa, Mwalimu, huyo ndugu anaumwa wapi?

Mwalimu hakusema naye wiki mbili. Na yule mama hana baya, mtu wake ni Moses Matovu wa Afrigo, anasema bendi ilianza 1975 na saksafoni ya yule mzee mpaka leo unaielewa, inakwambia simama unasimama, inakwambia kaa unakaa, hizi zenu zinasema nini? Kwa kweli tukimpigia Afrigo ile sehemu ya saksafoni sisi wote watatu tunanyamaza. Hilo hatumwambii.

Na mimi wangu ni Coltrane, A Love Supreme, Desemba 9, 1964, siku moja tu wakamaliza kazi yote. Pale Jimmy Garrison anapobaki na besi peke yake hakuna mtu anaongea, unasikia besi na mirija inavyovuta, fyuuu, fyuuu. Mimi hapo machozi yananilengalenga. Ajenti ndo wakati anaochagua kupokea simu ya kontena.

Kwa hiyo mkiona mtu mpya anakuja dirishani kwa miguu yake anaomba jazz, nyinyi msingechangamka?

Basi. Jana asubuhi sijafungua hata kufuli nasikia honi, siyo honi ya foleni, honi ya mtu mwenye jambo. Dereva wangu. Ameshuka na flashi kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Kijana, akasema, wewe una ugomvi gani na mimi?

Anasimulia kwamba mpaka Iganga alikuwa mvumilivu, kina Miles wanapiga, yeye anajua huo ni utangulizi, anangoja gita liingie. Gita haliingii. Bugiri hakuna gita, Iganga hakuna gita, Jinja amevuka daraja la Nile hakuna gita. Redio ya lori ukiiachia inaruka inakotaka, amefika msitu wa Mabira, saa nane usiku, giza totoro, ikaruka kwenye Ascension. Mzee akasikia kelele ya chuma, akajua turbo imeenda. Akamwamsha taniboi, wakasimama, pale Mabira, ambapo dereva mwenye akili hasimami hata kukojoa. Akazima injini, kelele ikanyamaza. Akafungua kabini, taniboi anamulika tochi, wakakagua turbo, wakakagua feni, wakapapasa mikanda, vyote vizima. Wakawasha, kelele imerudi. Wakazima, imenyamaza. Mara tatu! Taniboi akaanza kusali. Mara ya nne ndo mzee akagundua kelele inatokea kwenye redio.

Nikamwambia mzee pole, lakini si uliomba jazz? Akafoka, nimeomba jazz! Western Jazz! Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe! OK Jazz, Franco anamsema Mario mpaka chai inapoa! Wewe umenipa watu wanagombania mlango!

Nikakaa kimya. Maana kweli, upande huu wa dunia bendi za gita ndizo zilijiita jazz, kina OK Jazz ya Franco kule Kongo tangu 1956, Shirati Jazz hapo juu ya ziwa, zamani bendi ya dansi ya kisasa ikishapata magita na tarumbeta ilijiita jazz ikamaliza. Mimi ndiye nimejifungia na folda yangu ya USIGUSE miaka sita nikasahau kwamba huku nje hilo neno lina wenyewe. Lakini bado nauliza, kosa ni langu au la jina?

Nikachukua flashi, nikamwambia nafuta zote mzee, nakujazia Western Jazz na Franco mpaka zimwagike, bure tena. Nimeanza kufuta, Miles akaenda, Lee Morgan akaenda, Coltrane na timu yake wakaenda, nimefika kwa Ella mzee akanishika mkono. Akasema hiyo ya mama anayecheka iache.

Ni ile ya Berlin, Februari 1960, Ella ameanza Mack the Knife vizuri, katikati maneno yamempotea mbele ya ukumbi mzima, na badala ya kusimama akaendelea kuimba kwamba nimeyasahau, tumeharibu huu wimbo, akamwigiza na Louis Armstrong kwa sauti ya kukwaruza, akafika mwisho watu wanapiga kelele. Akapewa na tuzo ya Grammy juu yake. Nikamweleza mzee hivyo, kwamba hakupanga, alisahau kweli. Akacheka mpaka akaegemea kibanda changu kikatikisika, akasema kumbe ni mwenzangu, mimi Franco namwimba miaka 30 sijui hata neno moja la Kilingala.

Nikampa flashi. Amepanda, amefunga mlango, taniboi ananiangalia vibaya bado, foleni imeanza kusogea, mzee akateremsha kioo.

"Fundi! Huyo mama hana nyingine alizosahau?"