Wachapishaji Wote Waandikwe kwenye Rejeleo

Hivi karibuni nilikuwa nikisoma rasimu ya tasnifu ya umahiri ya mwanafunzi wa historia, na katika orodha ya marejeleo nikakuta kitabu cha Abdul Sheriff, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, kimeandikwa kuwa ni cha mwaka 1987, Athens, Ohio University Press. Nilimuuliza alikisomea wapi, akanijibu kuwa nakala ipo maktabani kwetu. Tukaifungua pamoja. Ndani yake mna wachapishaji wanne: James Currey wa London, Heinemann Kenya wa Nairobi, Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam na Ohio University Press. Kitabu kinachoihusu Zanzibar, kilichochapishwa pia Dar es Salaam na kusomwa na Mtanzania, kilikuwa kimebakiziwa mchapishaji mmoja tu, naye ni wa Marekani. Isitoshe, Athens hiyo ni mji wa jimbo la Ohio, ilhali msomaji asiyeambiwa hivyo ataelekea Ugiriki.

Mwanafunzi hakuwa mzembe. Alinakili taarifa kutoka katalogi ya mtandaoni, na katalogi zina historia yake. Chini ya kanuni za ukatalogi za AACR2, zilizotolewa mwaka 1978 na kutumika kwa miongo mingi katika maktaba zinazofuata utaratibu wa Kiingereza, mkutubi aliyeshika kitabu chenye wachapishaji kadhaa alitakiwa kumwandika aliyetajwa kwanza, kisha amwongeze wa nchi yake mwenyewe ikiwa yumo miongoni mwa waliobaki. Mkutubi wa Marekani aliyezifuata kanuni hizo alikuwa na sababu ya kuiandika Ohio, lakini hakuwa na sababu ya kuiandika Dar es Salaam. Taarifa hizo ndizo zinazovutwa leo na programu za marejeleo, nasi tunazibandika kwenye tasnifu zetu bila kukigusa kitabu chenyewe.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wachapishaji wote wa toleo moja waandikwe, kwa mpangilio uleule uliomo kitabuni. Mitindo mikuu ya kuandika marejeleo inaruhusu. APA, katika toleo lake la 7, inataka majina yote yatajwe na kutenganishwa kwa nukta mkato. MLA hutumia mkwaju (/) pale ambapo wachapishaji wana dhima sawa. Chicago, katika toleo la 17 la mwaka 2017, inaona mmoja anatosha, yule mwenye manufaa zaidi kwa wasomaji wa kazi husika, ila haikatazi kuwataja wote. Hata anayefuata Chicago, basi, ajiulize wasomaji wake ni akina nani. Kwa tasnifu itakayosomwa Dar es Salaam au Nairobi, sioni hoja yoyote ya kumchagua mchapishaji wa Ohio.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni mahali pa uchapishaji. APA iliacha kudai mji katika toleo hilo la 7, na Chicago imefuata katika toleo la 18 la mwaka 2024. Kwa wenzetu pengine hakuna kilichopotea. Kwetu kimepotea kitu, kwa sababu jina kama Heinemann au Oxford University Press, likiwa peke yake, halikwambii kama kitabu kilitoka London, Nairobi au Ibadan, na mtafiti wa historia ya uchapishaji Afrika Mashariki anahitaji kujua hivyo. Mtindo wa idara yako ukikuruhusu kuutaja mji, utaje.

Hata hivyo, kuwaandika wote si kurundika kila jina linaloonekana kitabuni. Kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka mwaka 1972 kwa ubia wa Bogle-L'Ouverture Publications ya London na Tanzania Publishing House, wakati Rodney akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao wawili huandikwa pamoja. Howard University Press ya Washington ilikuja baadaye na toleo lake, kwa hiyo aliyeisoma nakala ya Washington aandike Washington na mwaka wa nakala hiyo, bila kuiunganisha kwa nukta mkato na wale wa 1972 kana kwamba walikuwa wabia.

Vilevile mchapishaji si mchapaji. Vitabu vyetu vingi vya zamani vina maneno "kimepigwa chapa na" chini ya ukurasa, yakifuatiwa na jina la kiwanda. Kiwanda hicho kilifanya kazi ya mashine tu, na nafasi yake haimo kwenye rejeleo. Wala taasisi inayoonekana kwenye jalada si lazima iwe mchapishaji. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 2004, TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ndiyo mtunzi na Oxford University Press ndiyo mchapishaji, lakini nimeshaona marejeleo mengi yanayoziandika zote mbili kama wachapishaji na kuiacha kamusi haina mwenyewe.

Programu nyingi zina kisanduku kimoja tu cha mchapishaji. Hicho si kikwazo, kwani kinapokea maandishi yoyote: andika jina la kwanza, weka nukta mkato, endelea na la pili, kisha uhakiki jinsi linavyotokea kwenye orodha. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo palepale maktabani, kitabu kikiwa wazi mbele yake. Rejeleo lililokuwa la mstari mmoja na nusu likawa la mistari mitatu, na kabla ya kukirudisha kitabu akaanza kuyapitia mengine yote aliyokuwa ameyanakili kutoka katalogi ileile.