Saa Moja, Wake Wenza Wawili

Tamaa tu. Laptopu yangu ilikuwa na Windows, inachapisha kadi za harusi bila ugomvi, nami nikataka na Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, humo humo nijifunze kuandika programu. Nikamega gigabaiti 60 za diski, nikachomeka flashi, nikasoma kila dua ninayoijua. Kompyuta ilipowaka tena ikaleta menyu: Ubuntu juu, Windows chini, chagua umtakaye. Nikajiona bwana wa wake wawili waliokubali kukaa nyumba moja.

Usiku huo Shangazi alikuwa amelala kwetu, alfajiri avuke kwa boti hadi Mokowe, bara, akapande basi la Mombasa. Simu yangu ilikuwa kwa fundi. Yake imeshazikwa chini ya madira begini. Nikamwambia, "Lala, Shangazi, kompyuta itatuamsha saa kumi." Jioni nilikuwa Windows, bando likaisha, nikahamia Ubuntu kutega kengele. Saa iliyoandikwa juu ya kioo sikuitazama. Nani huitazama?

Kengele ikalia. Shangazi akatawadha, akavaa buibui, nami nikajitwika begi na kapu la maembe. Vichochoro vya Lamu vilikuwa vyeusi ti! Punda mmoja aliyelala katikati ya njia akafungua jicho moja, akatutazama, akalifumba. Yule punda alijua.

"Mbona hawaadhini?" Shangazi akauliza. Hatua kumi, akauliza tena. Tulipofika jetini alishamsema muadhini mpaka ukoo wake: vijana wa siku hizi, usingizi umewashinda, dini wamwachie nani?

Mlinzi akatumulika tochi. "Mama, huyo muadhini hajageuka hata ubavu wa pili. Saa hizi ni saa saba na nusu."

Boti zote zimefungwa, maji yanapiga ngazi taratibu. Shangazi akakaa juu ya begi. Hakusema neno, na kimya cha Shangazi ni kibaya kuliko maneno yake. Nikafungua laptopu. Inasema saa kumi na nusu, bila haya.

Hapo ndipo nikaelewa. Ndani ya kompyuta mna saa moja tu, na hawa wawili wanaitumia kwa zamu. Windows huiandika kwa saa ya hapa kwetu. Ubuntu akija huichukulia kuwa ni saa ya Greenwich, basi naye anaongeza zake tatu za Kenya juu ya zilizokwisha kuongezwa. Intaneti ingemsahihisha, lakini bando ndiyo hivyo tena. (Dawa yake ni mstari mmoja wa amri unaoandikwa Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1. Niliujua baada ya siku mbili.)

Nikamweleza Shangazi yote hayo, polepole, kwa mikono. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mke mdogo umesema anaitwa nani?"

"Ubuntu."

"Ndiyo nini?"

"Ni neno la Afrika Kusini, Shangazi. Maana yake utu."

Akaligeukia begi lake, akatazama giza la Mokowe ng'ambo, akanigeukia mimi.

"Utu," akasema. "Saa saba ya usiku."