Anayeuguza naye ana madai yake

Kila linapozuka wazo kwamba serikali iwasaidie kwa pesa wanaouguza jamaa zao nyumbani, jibu huja upesi: mzazi hatunzwi kwa mshahara. Hoja hiyo si ya kubezwa. Wengi huuguza kwa mapenzi na kwa kutafuta radhi, na pesa zikiingia, ndugu huweza kuanza kuulizana nani anafaidi maradhi ya mama. Bajeti nayo ni finyu.

Ila wenye hoja hiyo humfikiria mtu wa aina moja tu, mtoto mwenye moyo. Yupo binti anayemhudumia baba aliyewatelekeza wangali wadogo. Yupo mke wa mwana aliyeachiwa mama mkwe asiyempenda, na bibi mzee anayembeba mgongoni mjukuu mwenye mtindio wa ubongo. Wengine wana mapenzi, wengine wana kinyongo, na kazi ni ile ile.

Chukua aliyepigwa na kiharusi asiyeweza kujigeuza kitandani. Wauguzi hushauri ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, asije akatoka vidonda vya kulalia. Sasa hesabu usiku mmoja: saa 4, saa 6, saa 8, saa 10 alfajiri. Kila mara ni kuamka, kumvuta kwa shuka, kumwekea mto mgongoni, kumbadilisha nepi, kumkausha. Kesho yake vivyo hivyo, na mwezi ujao. Mtu huyo ataendaje kibaruani asubuhi? Wengi huacha kazi au hufunga kibanda, na mapato hukatika wakati ule ule dawa zinapoongezeka. Mgongo ukimuuma yeye, hakuna wa kumpokea zamu.

Nchini Kenya, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Tumekazania familia, Serikali tukaisahau. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia kwa pesa wasiojiweza, huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, jambo jema, lakini hizo ni za mzee, nazo huishia kwenye unga na nepi. Anayemgeuza usiku hana fungu.

Si lazima tuanze na mshahara. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wangeagizwa kumwandikisha na yeye, wampime presha, wamfundishe kumnyanyua mgonjwa bila kujiumiza, na kaunti imtafutie wa kumpokea angalau usiku mmoja kwa wiki. Wala asiulizwe kwanza kama anampenda anayemuuguza.