Inchi tatu zinatosha

Mjomba wangu alikuwa fundi bodi Gerezani, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya umri wake ilikwenda kwenye kupandisha mapaa. Gari limepinduka, paa limebonyea hadi kwenye viti, yeye anaweka jeki ndani na kipande cha mbao juu yake, analisukuma taratibu, kisha anagonga mpaka linarudi mahali pake. Kwa hiyo nilipompigia simu kumwambia kwamba huku Ohio nimepata Ford Model A ya mwaka 1930 na nataka kulikata paa lake lishuke, alinyamaza kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Sasa mjomba," akaniuliza, "gari limekuja limenyooka, wewe unalibonyeza?"

Nilimjibu kwamba huku ndio ufundi wenyewe. Unakata nguzo zote zinazobeba paa, unatoa kipande cha inchi kadhaa kwenye kila nguzo, unaliteremsha paa na kulichomelea upya. Chanzo chake ni mbio. Vijana wa California walikuwa wanakimbiza Ford zao kuukuu kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, na chama chao cha kupima mwendo kiliundwa mwaka 1937. Paa likiwa fupi, upepo unapata sehemu ndogo ya kulisukuma gari. Baadaye mbio zikasahaulika na wengi, ukabaki urembo.

Urembo huo una mfalme wake. Mwaka 1952 karakana ya ndugu wawili, Sam na George Barris, ililikata gari aina ya Mercury la 1951 la kijana aitwaye Bob Hirohata: inchi 4 mbele, inchi 7 nyuma, na nguzo za katikati zikaondolewa kabisa. Mwaka 1959 mtu alilinunua kwa dola 500. Januari 2022 lilipigwa mnada Florida kwa karibu dola milioni 2. Ni gari zuri sana, sibishi. Lakini naamini picha zake zimeharibu magari mengi ya watu wasio na hatia, kwa sababu kila mwenye grinda na banda nyuma ya nyumba akiliona anafikiri inchi ndizo zilizolipendezesha. Anazidisha inchi.

Mtu huyo haoni kazi iliyofichika. Kwenye Mercury nguzo za mbele zimelala. Ukiteremsha paa la gari la namna hiyo, ncha za nguzo hazikutani tena: nguzo ikiwa imelala nyuzi 45, kila inchi unayoshusha inazipishanisha ncha kwa inchi nzima. Inabidi ulipasue paa na kulirefusha, au uzilaze nguzo zaidi, na huku nyuma kioo kilichopinda nacho kinadai haki yake. Mabingwa wale walijaza maungio kwa risasi iliyochanganywa na bati, risasi madini, si ya bunduki, na walikuwa na mkono wa kuitandaza kwa moto bila kuipindisha bodi. Fundi wa Jumamosi kama mimi hana mkono huo. Ana ndoo ya puti, na puti inasitiri kwa muda tu.

Ndiyo maana nikachagua Model A. Nguzo zake ziko karibu wima, kioo cha mbele ni bapa, na katikati ya paa hakuna bati, kuna kitambaa kilichotandazwa juu ya mbao. Na hazikuwa adimu: Ford alitengeneza karibu milioni 5 kati ya mwisho wa 1927 na mwanzo wa 1932. Wapo wanaosema kukata gari la umri huo ni kuua historia. Nakubaliana nao nusu. Gari likiwa zima, viti vyake vya asili, rangi yake ya kiwandani, ukalipeleka kwenye grinda, mimi mwenyewe nitakuona mharibifu. Langu lilikuwa fremu na bodi tupu, sakafu imeliwa na kutu, ndani limekaliwa na panya vizazi na vizazi. Hapakuwa na historia ya kuokoa zaidi ya namba ya injini ambayo injini yenyewe haikuwepo.

Basi ni inchi ngapi? Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Wengi wanaanza na 5. Mimi nilipiga picha ya gari kutoka ubavuni, nikaichapa mara nne, nikakaa mezani na mkasi na gundi kama mtoto wa chekechea. Inchi 2 hakuna anayeona. Inchi 4 madirisha yanakuwa kama macho ya mtu anayesinzia. Inchi 5 ni katuni. Inchi 3, gari linaonekana kama linawaza jambo, na aliyeliona jana hajui kilichobadilika ni nini. Halafu kuna kichwa cha dereva, kitu ambacho picha hazikionyeshi. Marekani mataa yananing'inia juu ya njia panda. Dereva wa gari lililokatwa sana hayaoni, anainama kama anarukuu, au anaweka kwenye dashibodi kile kipande cha kioo kinachoyavuta mataa hadi machoni pake, kifaa ambacho wazee walikuwa wanakiuza madukani zamani. Ukifika mahali pa kununua kifaa cha kuona mataa, umeshapita kiasi.

Kazi yenyewe ilinichukua majira mawili ya baridi. Kukata kulichukua asubuhi moja. Kabla ya hapo nilitoa tangi la mafuta, kwa kuwa kwenye Model A tangi limekaa chini ya kioo cha mbele, juu ya magoti ya abiria, hatua moja kutoka kwenye nguzo unazotaka kuzikata. Tangi kavu bado lina mvuke, na cheche za grinda haziulizi. Kisha nikachomelea vyuma vya kushikilia ndani, kutoka mlango hadi mlango, ili bodi isifunguke kama boksi la viatu paa likiondoka. Haya niliyafanya vizuri, nami nasema bila aibu.

Nilipokosea ni kwenye kupima. Badala ya kuanzia chini, kwenye mstari wa dirisha, nilipima kutoka juu, kwenye ukingo wa paa. Upande wa kulia ukingo ulikuwa na bonyeo la zamani lililofichwa na rangi. Paa likashuka robo inchi zaidi upande huo. Sikuliona hilo mpaka milango nayo ilipokwisha kukatwa na wa kulia ukakataa kufunga. Nilichomoa, nikachomelea tena, nukta hapa, nukta kule, nikisubiri bati lipoe kwa sababu likipata joto mfululizo linajikunja kama jani kavu. Mlango ulifunga hatimaye. Robo inchi haikuisha yote.

Vioo ndivyo vilivyonifundisha adabu. Kile cha mbele kilikuwa cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, kikakatwa bila tabu. Cha mlango wa kulia, mmiliki mmoja wa huko nyuma alikuwa ameweka kioo kilichokazwa kwa moto, na mimi sikutazama alama kwenye kona yake. Kioo cha aina hiyo hakikatiki. Nilikwaruza mstari, nikabonyeza, kikamwagika sakafuni kama chumvi ya mawe. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza nimshauri aanze na kifaa gani, namwambia aanze na vioo: ajue vimetengenezwaje na vipya vitatoka wapi, ndipo aguse grinda.

Mwezi uliopita nilimtumia mjomba picha, gari limepakwa rangi ya awali ya kijivu, limesimama uani, theluji imeanza kuyeyuka. Nilichagua picha iliyopigwa kutoka kushoto. Akaomba nyingine, ya kutoka mbele. Nikamtumia. Dakika mbili baadaye akapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huku kulia umezama."

Nikamweleza habari ya ukingo na bonyeo. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza nifanye nini, nifungue tena nguzo?

"Usiguse," akasema. "Utaharibu na kushoto."